Betri ya Baba Waithira

Landless, Thika
28 Septemba 1998

Kagwe,

Niaje. Najua hutaki kuona hata mwandiko wangu, lakini Becky ameahidi kukuwekea hii mkononi akitoka cherehani jioni arudi Kimbo, na wewe huwezi kumkatalia dada yako. Kuja mwenyewe siwezi. Leo asubuhi nilifika mpaka stage, nikakaa kwa kiti, gari ikajaa, nikamwambia makanga nimesahau kitu nikashuka. Sikuwa nimesahau kitu. Ni aibu tu.

Wacha nikuambie vile ilienda huko nje, juu wewe ulikuwa ndani na wazee mkiongea mambo ya ruracio, mahari ya Waithira. Mimi si mtu wa familia, nikabaki na Datsun. Na unajua nilikuwa nataka nini. Tangu nipate ile gazeti ya magari kwa buti ya ile gari ilitoka Dubai, sijatulia. Maze, Wajapani wametoa gari ikisimama injini inajizima yenyewe! Kimya! Redio inaendelea, taa zinaendelea, feni inazunguka, betri ndio inabeba kila kitu, na hakuna petroli inachomeka bure. Nikasema kama hao wanaweza, hata Datsun 120Y ya Kagwe inaweza. Ndio nikakuwekea betri ya pili kwa buti na ile waya nyekundu ya kuziunganisha. Ukacheka, ukaniita injinia, ukakubali.

Sasa tulipofika Murera, akina mama wa kwao wakafunga geti wakaanza kuimba. Wa kwetu wakajibu. Unajua hiyo mambo, geti haifunguki mpaka wasikie wimbo imekolea. Mimi nikazima injini hapo hapo, nikawasha kila kitu. Taa zote. Kaseti. Feni nikamwelekezea shangazi yako Tata Ngendo huko nyuma juu alikuwa anasikia joto. Mama mmoja wa upande wao akaniuliza, "Kijana, injini umezima na vitu bado zinawaka. Sasa inakula nini?"

Nikamwambia, "Mama, hii haikuli."

Haikuli! Kagwe, hiyo maneno ilitoka kwa mdomo yangu.

Geti ikafunguliwa, nikaegesha kando ya zizi la ng'ombe, na sikuzima kitu hata moja. Mkaongea, mkaongea. Jua likateremka. Mlipotoka mmeshikana mikono na kila mtu anacheka, nikageuza ufunguo, ikafanya tk. Tk tu. Zile zingine uliona. Athoni wetu, watu tumeenda kuomba msichana kwao, wakitusukuma kama mkokoteni. Mama Waithira na ile nguo yake ya siku kubwa, ameshika viatu mkononi, anasukuma! Na hiyo mlima ya kwao. Haikushika. Alafu Mzee Wainaina, baba Waithira, akaingia kwa nyumba, akatoka amebeba betri ya tivi yake. Stima hawana, tivi yao inakula betri ya gari. Akaiweka hapo karibu na miguu yangu.

Nikatoa yetu ya mbele nikafunga yake, gari ikashika. Ningetoa yake hapo hapo nimrudishie, na injini ikiwa inanguruma. Nilijua. Lakini Tata Ngendo alikuwa anapiga dirisha, "Twendeni, twendeni, tumeaibika ya kutosha." Nikafunga boneti. Ile yetu imekufa tukaiacha kando ya zizi. Tuliingia kwao kupeleka mali, tukatoka tumebeba ya kwao.

Nakuomba vitu mbili. Kata ile waya nyekundu kabla ya kuwasha tena. Hiyo betri ya buti imekufa na itanyonya ya mzee mpaka nayo ikufe. Alafu mrudishie yake haraka. Sema ni mimi. Sema chochote, bora irudi.

Mahir


Kimbo, Ruiru
2 Oktoba 1998

Mahir,

Nimepata barua. Betri nilirudisha. Mzee hakuwa na neno, alisema hizo ni mambo za magari, hata yeye zamani alikuwa na lori. Waya nimekata.

Lakini usikuje Kimbo saa hii. Tata Ngendo ameenda akiambia kanisa yote eti niliweka gari mikononi mwa mtu anajifunza ufundi na magazeti. Wacha ipoe.

Sasa tunangoja tu mzee atume neno ya tarehe. Tuliomba tano Desemba. Akituma utasikia.

Kagwe


Landless, Thika
5 Oktoba 1998

Kagwe wangu,

Umerudisha! Alhamdulillahi. Nilisoma barua yako nikiwa chini ya pikap ya mtu, nikainuka haraka nikagonga kichwa, na nilikuwa nacheka. Dismas, si unamjua, mwenye hii garage, akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Siku hizi ananiita Japan. "Japan, leta spana." "Japan, hii imezima, iambie ijiwashe." Kila mteja akiingia lazima aelezwe. Wacha acheke, nimestahili.

Na unajua nini? Jana nilichukua ile gazeti tena. Nilikuwa nataka kuichoma. Kagwe, mimi nilisoma hiyo ukurasa mpaka pale nilifurahi, nikaifunga! Sikugeuza! Nyuma yake wameeleza yote: betri yenyewe si kama hizi zetu, ni kubwa, imejengwa kwa hiyo kazi. Na ikishuka, hata kama gari imesimama, injini inajiwasha ije iijaze. Yaani wale watu walijua kusimama pia kunakula. Redio inakula. Feni inakula. Taa ndio usiseme. Mimi nikaona kwa sababu hakuna sauti basi hakuna kitu inaisha.

Na zile mbili nilikuwekea nilizifunga pamoja, nikidhani ni nguvu mara mbili. Zikafa pamoja.

Nikikumbuka Mama Waithira na viatu mkononi nasikia kujificha. Lakini kama mzee amesema ni mambo ya magari, basi nitalala. Tarehe ikitoka niambie nianze kutafuta suti.

Mahir


Murera
13 Oktoba 1998

Kaka Mahir,

Hujambo? Mimi ni Waithira, yule mliyekuja kwetu kumwomba. Anwani ya garage nimeipata kwa Becky tukitoka kanisani, na sikumwambia ni ya nini.

Nina swali na sijui nimuulize nani. Kagwe siwezi. Mambo ya siku ile ni ya wazee, na msichana akianza kuulizia vitu ataambiwa ana haraka ya kuolewa. Baba naye hawezi. Akitamka betri, watu watasema alimtoa binti yake na bado analilia betri. Kwa hivyo kwetu hakuna anayesema neno.

Jioni baba anakaa mbele ya tivi iliyozima, saa yake ya habari ikifika, kama kawaida. Majirani waliozoea kuja kutazama anawaambia stesheni ina shida. Ile mliyoacha kando ya zizi aliifunga kwa baiskeli akaipeleka Juja kuchajiwa. Ikarudi, ikawasha tivi kidogo, ikazima. Akaipeleka tena. Yule wa kuchaji akamwambia mbele ya watu, "Mzee, hapa umeachiwa maiti." Alirudi akisukuma baiskeli, hakupanda.

Tarehe ya harusi hajatuma. Mama akimuuliza anasema bado anafikiria. Mimi najua anafikiria nini. Anajiuliza, mtu akiweza kunyamazia kitu kidogo hivi, akimchukua mtoto wangu atanyamazia nini.

Nimekuandikia wewe kwa sababu siku ile ni wewe tu uliyekuwa na aibu usoni. Wengine walikuwa na haraka. Betri iko wapi?

Tafadhali usimwonyeshe Kagwe barua hii. Nataka kuona atafanya nini kwa akili yake.

Ni mimi,
Waithira


Landless, Thika
15 Oktoba 1998

Kagwe,

Nakuuliza mara moja. Betri ya mzee iko wapi?

Usiniulize nimesikia wapi, nimesikia. Mzee anapeleka ile takataka yetu Juja kwa baiskeli. Anachekwa. Anaangalia tivi imezima! Na wewe uliniandikia hakuwa na neno, ati alikuwa na lori! Lori gani? Mimi nikacheka mpaka nikagonga kichwa. Nikatafuta bei ya suti.

Kama umeiuza sema. Kama imeibiwa sema. Mimi ndio nilianza hii, siwezi kukuhukumu. Lakini sema.

Mahir


Kimbo, Ruiru
18 Oktoba 1998

Mahir,

Sijauza.

Ile Jumapili, kesho yake ya ruracio, nilikuwa njiani kuirudisha, haki ya Mungu. Nilikuwa nimevaa vizuri. Nikasimama hapa stage ya Kimbo, Njau wa bucha anikatie nyama ya kupelekea Mama Waithira, juu mtu haendi kwa athoni mikono mitupu. Kukawa na laini. Vijana wa stage wakaniona. "Kagwe, si utuonyeshe ile gari ya kujizima?" Walikuwa washasikia kuhusu Murera, walikuwa wananidharau, si unajua. Nikataka waone kuwa inafanya. Nikazima. Nikaweka kaseti, taa, feni. Wakaingia ndani, wengine wakakaa juu ya boneti. Nyama ilifungwa kitambo na mimi bado niko hapo naongeza sauti.

Tk.

Waya sikuwa nimekata. Barua yako Becky alikuwa bado hajaniletea siku hiyo, lakini ikifika hata sikuikata, kwa nini nikate na imeshamaliza? Nilipeleka ya mzee kuchajiwa hapa Ruiru. Haishiki. Wanasema ilikuwa imezeeka, na imekauka maji, na tumeimaliza. Gari iko bado kando ya bucha, nimeifunika na karatasi ya nailoni. Mama nilimwambia inangoja spea.

Na hii ndio mbaya. Hata hiyo ya stage nilisema ni wewe. Nilisema ni zile waya za Mahir. Ndio maana sikutaka ukuje Kimbo. Si Tata Ngendo.

Kwa mzee sijui nitaanzia wapi. Wiki ya kwanza ningesema pole, tuliharakisha. Saa hii nikienda lazima nieleze pia kwa nini nilikaa. Kila siku nikiamka imekuwa nzito kuliko jana.

Kagwe


Landless, Thika
22 Oktoba 1998

Kagwe,

Nimetoka Murera.

Hapa garage niko na betri yangu moja ya kupimia magari za watu, ndio kazi yangu yote inategemea. Nilimwambia Dismas naiazima kwa jamaa. Akasema, "Japan, jamaa gani anaazima mkate kutoka mdomoni mwako?" Nikaondoka kabla hajamaliza. Nilishuka Juja nikaibeba begani. Sikujua kifuniko moja imelegea. Asidi imenila shati, na bega linawasha mpaka saa hii. Nilivaa ile nyeupe ya Ijumaa ndio nionekane mtu wa maana. Nilifika kama mtu ameshambuliwa na panya.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitasema ni mimi, mimi niliunganisha vibaya, mimi nilisahau kurudisha, Kagwe hana makosa. Mzee alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaangalia betri, akaniangalia shati. Akauliza neno moja.

"Umetumwa na nani?"

Nikafungua mdomo. Na hapo kwa mlango wa jikoni Waithira amesimama na sufuria, haendi mbele, harudi nyuma. Kagwe, nikaona nikisema ni mimi, basi wewe umekwisha. Mtu baki wa Landless amekumbuka na bwana harusi hakukumbuka.

Nikasema, "Kagwe."

"Na yeye mwenyewe?"

"Mgongo unamsumbua, mzee."

Mgongo! Hakuna mtu aliniuliza mgongo! Imetoka tu.

Akainama akaigeuza. "Hii si yangu."

"Yako ilikuwa imezeeka, mzee. Kagwe akasema upate nzuri zaidi."

Nikaifunga mimi mwenyewe kwa tivi. Ikawaka, picha safi. Mzee hakucheka, hakusema asante. Alivuta tu kiti karibu, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu yuko kanisa. Nikachukua ile maiti yetu nikaondoka. Hawakunipa chai na sikungoja, nilikuwa nakimbia macho ya Waithira.

Basi. Mgongo umepona. Nenda.

Mahir


Kimbo, Ruiru
26 Oktoba 1998

Mahir,

Nilienda jana. Nilipelekwa kwa kiti ya mzee yenyewe. Alinishika mkono na mikono yake yote miwili, akasema, "Umeniletea nzuri kuliko yangu." Akaita majirani. "Huyu ndiye." Mama Waithira akaniuliza mgongo unaendeleaje, na mimi nikashika mgongo. Nikaushika, Mahir, nikakunja uso. Wakaniletea mto.

Tarehe imetoka. Tano Desemba.

Waithira ndio alinipakulia. Chapati, kuku, kila kitu. Alikuwa ananiangalia tu. Alafu akaniuliza polepole, "Ulisumbuka kuipata?"

Nikasema, "Kidogo."

Nikala. Sijui chakula ilikuwa na ladha gani.

Nilikuwa nataka wewe ndio usimame na mimi kanisani. Ungekaa tu pale mbele na suti, mambo ya dini usijali. Tuliongea hiyo tangu tuko watoto. Lakini nakuomba usikuje. Sina hasira na wewe. Ni kwamba nikikuona pale, na mzee amekaa mbele akiniita huyu ndiye, sitaweza kufungua mdomo kuapa. Betri yako nitakurudishia nyingine, nipe muda.

Usinichukie.

Kagwe


Landless, Thika
28 Oktoba 1998

Kagwe,

Siwezi kukuchukia. Harusi sitakuja, ukisema hivyo.

Lakini kuna kitu nilikuficha na sasa nasikia vibaya pande zote. Aliniambia nisikuonyeshe barua yake. Sikuonyeshi. Nakuambia tu: mtu aliniambia mzee anaangalia tivi imezima ni Waithira. Aliniandikia hapa garage, akaniuliza betri iko wapi. Nilipokuwa nadanganya pale kwa zizi na yeye ameshika sufuria, alikuwa anajua nadanganya. Nilifikiria nakuokoa. Nilimdanganya baba yake mbele yake, ndani ya boma lao, na bado nikajiona jamaa mzuri.

Kwa hivyo alipokuuliza kama ulisumbuka, hakuwa anauliza. Alikuwa amekufungulia mlango. Ukasema kidogo.

Bado hajamwambia baba yake. Anakungoja. Sijui atangoja mpaka lini, mimi ningekuwa yeye singengoja mpaka Desemba.

Mahir


Kimbo, Ruiru
2 Novemba 1998

Mahir,

Nilienda jana baada ya kanisa. Sikubeba nyama. Njiani nilirudi mara mbili. Nilikuwa nafika pale kwa ua lao la miti ya kei, nageuka, naona aibu kugeuka, naenda tena.

Nyumba ilikuwa imejaa, majirani wote wako ndani na tivi. Nikashukuru, nikaona nitamwita Waithira nje nimwambie yeye peke yake, alafu yeye atajua vile ataambia baba. Nikamkuta kwa mlango wa jikoni. Nikamwambia chini chini, nikiangalia viatu. Kwamba betri sikutuma mimi. Kwamba ya baba yake niliimaliza kwa stage ya Kimbo nikionyesha watu kaseti. Kwamba mgongo hauniumi na haujawahi kuniuma. Kwamba nilisema ni makosa yako.

Alikuwa anafuta mikono na leso. Akamaliza kidole kwa kidole.

Akasema, "Rudia. Baba hajasikia."

Nikamwambia, "Waithira, kuna watu."

"Hata siku ya kusukuma walikuwa."

Nikaingia. Nikasimama kando ya tivi, sikujua niweke mikono wapi. Nikarudia yote, kwa sauti, na Kikuyu, ndio hata cucu, yule nyanya wa jirani, ashike. Nikafika pale kwa mgongo. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mzee alikuwa amepunguza sauti ya tivi. Nilipomaliza akaiongeza tena. Nikabaki nimesimama. Habari ikaisha. Hali ya hewa ikaisha. Hakuna mtu aliniambia kaa, hakuna mtu aliniambia toka.

Ndio mzee akasema, bado anaangalia tivi, "Na yule kijana tulimwacha aende bila chai. Na shati imeungua."

Mama Waithira akafunika uso na kitambaa. Sikujua kama mzee ananiambia mimi ama anajiambia. Nikasema pole. Akasema, "Pole mpelekee yeye." Hiyo tu. Tarehe hakugusa, hakuitoa, hakuirudisha.

Waithira alinisindikiza hadi kwa geti. Njia yote nilikuwa nangoja aniambie imekwisha. Nilikuwa tayari. Akafungua geti, nikatoka, akasimama upande wa ndani.

"Tarehe tano," akasema, "usikuje bila yeye."

Akafunga.

Tata Ngendo nimemwambia pia, leo asubuhi. Hajaniongelesha, ananisukumia tu sahani. Ile maneno nilikuandikia ati usikuje, irarue. Kuja, Mahir. Sijui nitakuangalia aje, lakini kuja.

Kagwe